Nuhu Hakukurupuka Kutoka Safinani





Kila msimu wa mvua kubwa unapotufikia, swali lile lile hutungoja mlangoni pa sakristia baada ya Misa ya Jumapili. Huulizwa na mama ambaye pindo la kanga yake bado lina tope, au na mzee aliyekesha akiinua magunia ya maharage juu ya kitanda: "Baba, maji yameshatoka ndani. Je, tuingie tusafishe?" Kwa miaka mingi tumejibu kwa wepesi: "Ingieni, Mungu awasaidie." Juma hili twapenda kukiri mbele yenu kwamba jibu hilo halikutosha. Lilikuwa jibu la mchungaji anayewahurumia kondoo wake lakini haangalii wanapokanyaga.

Tunalotaka kulisema ni hili: kusafisha nyumba ya jirani baada ya mafuriko ni tendo la huruma, lakini huruma isiyo na busara huweza kuua, na anayeumia kwayo mara nyingi ni yule asiyeweza kuikataa kazi aliyopewa.

Somo la Nuhu

Sote twaijua habari ya gharika, na watoto wetu wa Mafundisho huisimulia vizuri: mvua, safina, wanyama wawili wawili, upinde wa mvua. Lakini ipo sehemu ya habari hiyo ambayo huwa tunaipita mbio, nayo ni sura ya nane ya Kitabu cha Mwanzo. Humo hamna mvua tena. Maji yanapungua, na Nuhu anangoja. Anamtuma kunguru. Anamtuma njiwa, naye anarudi kwa kukosa mahali pa kutua. Anangoja siku saba, anamtuma tena, naye analeta jani bichi la mzeituni. Mtu mwenye haraka angesema: hiyo ndiyo dalili, tufungue mlango! Nuhu akangoja siku saba nyingine.

Hata hayo hayakuwa mwisho wake. Maandiko yanatuambia kwamba siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza Nuhu aliondoa kifuniko cha safina, akaona kwa macho yake kuwa uso wa nchi umekauka. Lakini alitoka lini? Siku ya 27 ya mwezi wa pili, baada ya Mungu kumwambia atoke. Karibu miezi miwili mtu huyu aliitazama nchi kavu asiikanyage. Alijua kwamba uso wa nchi kuwa mkavu ni jambo moja, na nchi kuwa salama ni jambo jingine. Mungu aliyemwokoa na maji alimfundisha pia kuyasubiri yaliyobaki baada ya maji.

Tunaamini kwamba katika kungoja kule mna imani kubwa sawa na ile ya kuijenga safina. Hata hivyo, ni nadra sisi mapadre kuihubiri.

Kosa letu wenyewe

Tusiwafundishe wengine kabla ya kusema la kwetu. Miaka kadhaa iliyopita mvua iliingiza matope katika kanisa la kigango kimojawapo cha parokia tuliyokuwa tukiitumikia. Ilikuwa Ijumaa, na Jumapili ile watoto walikuwa wapokee Komunyo ya Kwanza. Tukatangaza kwamba kila mwenye nafasi aje kusaidia. Watu wazima wengi walikuwa na matope yao wenyewe majumbani. Waliokuja kwa wingi ni watoto wa Utoto Mtakatifu. Walikuja miguu mitupu, wakiimba, wakayachota matope kwa mikono, kwa sahani na kwa vipande vya ndoo. Sisi tulisimama mlangoni tukifurahi. Tulidhani tunaliona Kanisa lilivyo hai.

Mtoto mmoja wa miaka tisa alikanyaga ukingo wa bati bovu lililofukiwa na tope. Alipelekwa zahanati kwa pikipiki, akashonwa, akachomwa sindano ya kuzuia pepopunda. Namshukuru Mungu, tunamshukuru sote, kwamba alipona. Jumapili ile alipokea Komunyo akiwa na bendeji mguuni, nasi tukamsifu mimbarani kuwa ni shujaa mdogo wa Kristu. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Baada ya Misa mama yake alitujia, akasema kwa sauti ya chini na bila hasira: "Baba, kwa kuwa ni ninyi mliomwita, hatukuuliza habari za viatu."

Hatujapata kusikia hubiri zito kuliko maneno hayo. Wazazi wale hawakuuliza kwa sababu walituamini. Imani yao kwetu ndiyo iliyomvua mtoto viatu. Tangu siku hiyo tumeona kwamba padre, katekista, mwenyekiti wa jumuiya au mjumbe anapowaita watu kwenye kazi, anakuwa amebeba pia dhamana ya miguu yao na mikono yao.

Nchi yetu na maji yake

Sisi wa Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa moja, na ambazo zimo katika Jimbo letu la Kayanga lililoundwa mwaka 2008, hatuishi kwenye tambarare kubwa kama ndugu zetu wa Rufiji. Nchi yetu ni ya vilima na mabonde. Maji ya mvua kubwa hushuka kutoka mgongo wa kilima kwa kasi, yakapita katikati ya migomba, yakabeba udongo, mawe, taka za jalalani na yaliyomo vyooni, hata yafike bondeni kwenye mafunjo. Upande wa magharibi tunao mto Kagera, mpaka wetu na Rwanda, ambao huko Murongo unatutenganisha na Uganda. Mto huo hukusanya maji ya Ruvubu kutoka Burundi na ya Nyabarongo kutoka Rwanda. Kwa hiyo hata mvua iliyonyesha kwa wengine huweza kutufikia sisi kama mgeni asiyepiga hodi.

Miaka hii ya karibuni imetukumbusha kwamba hakuna aliye mbali. Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliwaua watu zaidi ya 130 kwa majirani zetu wa Rwanda. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la mlima Hanang liliufunika mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 na majeruhi 236 nchini, na kaya zaidi ya 51,000 zilikuwa zimeathirika.

Tuwaombee marehemu wote hao. Lakini tujue pia kwamba hesabu za namna hii kwa kawaida hufungwa maji yanapopungua. Ni nadra kumhesabu aliyeangukiwa na ukuta siku ya tatu akikusanya sufuria zake, au aliyeshikwa na homa wiki mbili baadaye na kila mtu akasema ni malaria. Mafuriko hupiga mara mbili. Pigo la kwanza hatuwezi kulizuia lote. Pigo la pili, kwa sehemu kubwa, tunaweza.

Yanayotungoja ndani ya tope

Tuseme basi kwa ufasaha, maana upendo usiojua hatari hubaki kuwa maneno mazuri.

Kwanza ni nyumba yenyewe. Nyumba nyingi za vijijini kwetu zimejengwa kwa matofali mabichi au kwa miti na udongo. Ukuta wa namna hii hunywa maji kama sifongo. Maji yakiwa pande zote mbili huushikilia. Yakiondoka, uzito wote hubaki juu ya udongo uliolainika, na ukuta huweza kuanguka saa kadhaa au siku kadhaa baadaye, jua likiwaka na watu wakicheka. Tukumbuke vilevile kwamba tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliacha nyufa katika nyumba nyingi za mkoa wetu wa Kagera, na nyingine zilizibwa kwa lipu tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kwamba ufa uliofichwa kwa lipu husubiri maji.

Kwa hiyo nyumba itazamwe kwanza kutoka nje, mchana, kwa kuizunguka pande zote. Ukuta uliopinda, ufa mpya, mlango uliokaza ghafla, paa lililobonyea, ardhi iliyochimbika chini ya msingi: kimojawapo cha hivi kikionekana, asiingie mtu kabla fundi hajaitazama. Kwa wanaokaa mteremkoni, watazame pia juu ya nyumba. Ardhi iliyopasuka, miti au migomba iliyoanza kuinama pamoja, na chemchemi mpya iliyotokea mahali pakavu ni dalili kwamba kilima kinataka kushuka. Hapo hakuna kufuata godoro wala televisheni.

Pili ni umeme. Nguzo za umeme zimefika katika vijiji vyetu vingi, nalo ni jambo la heri. Lakini maji na umeme havikai nyumba moja kwa amani. Asiguse mtu swichi, soketi wala mita akiwa amesimama kwenye maji au ana mikono mibichi. Waya ulioanguka chini uhesabiwe kuwa una moto hata kama taa za kijiji kizima zimezimika. Tukae mbali, tuwazuie watoto, tuwaite TANESCO. Nyumba iliyoingiwa na maji isiwashwe umeme kabla fundi hajaikagua. Na wenye sola wasidhani wamesalimika, kwa maana betri na nyaya zake zikilowa zinaweza kuunguza.

Tatu ni tope lenyewe. Ndani yake mna misumari, chupa zilizovunjika na bati kama lile tulilolisimulia. Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni na huingia kwa kidonda hata kidogo cha msumari. Kila aliyeumia aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo akaulizie chanjo. Asisubiri hadi taya likaze.

Yupo pia adui mwingine ambaye Watanzania wengi walimsikia kwa mara ya kwanza mwaka 2022, ugonjwa usiojulikana ulipotangazwa wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi. Watu 20 waliugua na watatu kati yao wakafariki, kabla Wizara ya Afya haijatangaza kuwa ni homa ya mgunda. Vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa panya, ng'ombe, mbwa na wanyama wengine, hukaa katika maji na tope, na huingia mwilini kupitia michubuko, macho na mdomo. Dalili zake ni homa, kichwa kuuma, misuli kuuma hasa ya miguu, macho kuwa mekundu, na wengine hupata manjano. Kwa sura ya nje hufanana na malaria, na hapo ndipo mtego ulipo. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa ukiwahiwa. Basi mtu akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kazi ya tope, amweleze mganga bila kuulizwa: "Nilikuwa nikizoa tope la mafuriko." Sentensi hiyo moja yaweza kuokoa maisha.

Nyoka naye amekimbia maji kama sisi, akajificha juu ya dari, chini ya magunia na kwenye rundo la kuni. Vitu vigeuzwe kwa mti mrefu, visishikwe kwa mkono. Aliyeumwa asichanjwe kwa wembe wala asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe kituo cha afya haraka.

Nne ni choo na maji ya kunywa. Udongo unaozunguka choo cha shimo ukilowa hulegea, na sakafu yake huweza kutumbukia na mtu aliye juu yake. Tusiingie katika choo kilichofunikwa na maji kabla hakijapimwa kwa mti kutoka mbali. Na hili tunalisema kwa kusihi: mtu akitumbukia katika shimo la choo au kisima, msishuke mmoja baada ya mwingine kumfuata. Ndani ya mashimo hayo huweza kuwamo hewa ya sumu inayomwangusha mwokoaji kabla hajamshika anayemwokoa, na ndivyo familia moja inavyozika watu wawili au watatu badala ya mmoja. Wapigieni Zimamoto na Uokoaji namba 114, mtupe kamba, mwite watu. Huko Kyerwa, ambako madini ya bati yamechimbwa tangu enzi za wakoloni, mashimo ya zamani yaliyojaa maji yawekewe uzio wa miti, kwa kuwa mtoto huyaona kama bwawa la kuogelea.

Chemchemi na kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko kihesabiwe kuwa kichafu hata kama maji yake yanang'aa. Yachemshwe hadi yatokote sawasawa, au yatiwe vidonge vya kutibu maji kwa kufuata maelekezo. Kipindupindu hakiheshimu maji yanayong'aa. Mtu akianza kuharisha, apewe mara moja lita moja ya maji salama iliyochanganywa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku safari ya kituo cha afya ikiandaliwa. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Tano ni moto tunaouwasha kwa nia njema. Nyumba ikiwa na unyevu, mama huingiza jiko la mkaa ndani ili ikauke na watoto wapate joto, kisha hufunga mlango. Mkaa huo hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo hulaza watu usingizi wasioamka. Jenereta hufanya vivyo hivyo. Nyumba ikaushwe kwa upepo na jua, milango na madirisha yakiwa wazi. Na wanaosafisha kwa dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita jiki, wasiichanganye kamwe na dawa nyingine ya chooni. Mchanganyiko huo hutoa hewa inayochoma mapafu.

Sita ni chakula. Tunajua uchungu wa kutupa gunia la mahindi au karanga. Lakini nafaka iliyolowa na kuota ukungu hubeba sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Mwaka 2016 ndugu zetu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Yaliyoota ukungu yasiliwe, yasipikiwe pombe, na yasipelekwe sokoni kwa mtu mwingine, kwani kumuuzia jirani sumu ni dhambi hata kama kipimo cha mizani ni halali.

"Mungu atatulinda"

Wapo watakaotujibu: "Baba, babu zetu walisafisha kwa mikono mitupu, na Mungu aliwalinda." Ni kweli kwamba Mungu hulinda. Lakini tukumbuke ni nani aliyeitumia ahadi ya ulinzi wa malaika ili kumshawishi mtu ajitupe chini. Alikuwa Ibilisi, juu ya kinara cha Hekalu, na Bwana wetu alikataa kwa kusema kuwa Mungu hajaribiwi. Kuingia chini ya ukuta uliopinda huku tukisema "Mungu yupo" ni kusimama juu ya kinara kile kile. Nao babu zetu, ukweli usemwe, hawakulindwa wote. Wengine tuliwazika, tukasema ni siku yao.

Wengine watasema jambo lenye uzito zaidi: "Gambuti ni fedha, glovu ni fedha. Hayo ni mashauri ya wenye nacho." Hoja hii hatuwezi kuipuuza. Asiyekuwa na kandambili hawezi kununua gambuti kwa kuwa tu padre ameandika. Lakini hapa ndipo tunapokumbuka Torati. Katika sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati, Mungu aliamuru kwamba anayejenga nyumba aweke ukingo kuzunguka paa, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tazameni: hatia haiwekwi juu ya aliyeanguka kwa kutojihadhari, bali juu ya mwenye nyumba ambaye hakuweka ukingo. Yule mwenye uwezo wa kuzuia ndiye anayedaiwa.

Tumtazame pia Msamaria mwema. Hatumsifu kwa kuwa alikuwa na moyo tu. Alikuwa na mafuta, alikuwa na divai, alikuwa na mnyama wa kumbebea majeruhi, na alikuwa na dinari mbili za kumlipa mwenye nyumba ya wageni. Alisaidia akiwa na vifaa. Huruma yake ilikuwa na mkoba.

Ni nani anayeingia kwanza?

Sasa tufike penye kiini cha tafakari yetu. Tazameni vizuri siku ya kusafisha: ni nani anayetumwa kwenye choo kilichobomoka? Ni nani anayeshuka kisimani? Mara nyingi si mwenye nyumba. Ni kijana asiye na kazi, anayepewa shilingi elfu chache na sahani ya ndizi. Ni mjane anayejisafishia mwenyewe kwa kuwa hana wa kumtuma. Ni mtoto, kwa kuwa ni mwepesi na hupita mahali pembamba. Na huko ndiko tulikomwita mtoto yule wa miaka tisa.

Amri ya tano haiishii kwenye panga na rungu. Kanisa hufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa, na kwamba tunapaswa kuzitunza za kwetu na za wengine. Anayemlipa kijana ili achukue hatari ambayo yeye mwenyewe asingeichukua kwa malipo yoyote, bila kumpa hata kiatu, ameinunua damu kwa bei ya chini. Tunalisema hili bila kumlenga mtu. Tumeanza na sisi wenyewe.

Tunayopendekeza

Basi tunaziomba jumuiya zetu ndogo ndogo zitafakari mambo manne katika mkutano wa juma hili, na zituletee majibu kupitia viongozi wa kanda.

La kwanza, kila kigango kiwe na sanduku la kazi ya mafuriko: jozi chache za gambuti, glovu nzito, machepe, kamba ndefu, sabuni, vidonge vya maji, na dawa na bendeji za huduma ya kwanza. Vitu hivi vikiwa vya mmoja ni anasa, vikiwa vya wote ni ukingo wa paa. Tunapendekeza sadaka ya Jumapili moja kabla ya masika itengwe kwa ajili hiyo, nasi tutatanguliza mchango wetu.

La pili, asiingie mtu peke yake katika nyumba iliyofurika. Waende wawili wawili, kama wanafunzi walivyotumwa, mmoja ndani na mmoja nje mlangoni. WAWATA na UWAKA wapange zamu, na wajane na wazee waandikwe wa kwanza.

La tatu, watoto wasizoe tope. Wanaweza kubeba maji safi ya kunawa, kuwapelekea wafanyakazi uji, kukaa na wadogo zao mahali pakavu na kusali. Hiyo ni kazi tosha ya Utoto Mtakatifu.

La nne, mtu yeyote aruhusiwe kusema "hapana, ukuta huu siuingii" bila kuitwa mwoga. VIWAWA, tunawaomba hasa ninyi vijana: msichekane. Kijana anayekataa kushuka kisimani bila kamba amewatii wazazi wake ambao hawapo pale kumkataza.

Mkoa wetu unajua kujifunza. Ugonjwa wa Marburg ulipotufikia Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025 kule Biharamulo, tulijifunza kunawa mikono mlangoni pa kanisa na kusalimiana kwa kuinamisha kichwa. Haikutupunguzia upendo. Na kunawa tope kabla ya kumshika mtoto hakutatupunguzia.

Sasa mtakapotuuliza tena mlangoni pa sakristia, "Baba, tuingie tusafishe?" tutawauliza nasi: Mmeizunguka nyumba? Umeme umezimwa? Nani anaingia, na amevaa nini? Mtatuvumilia kwa maswali hayo. Njiwa wa Nuhu alitumwa mara tatu kabla mtu yeyote hajakanyaga chini.

Tuombe: Ee Mungu Baba, uliyemngojesha Nuhu kwa upendo, utupe mioyo ya kuwahudumia waliofurikiwa, na akili ya kuwahudumia vema. Uwapokee waliokufa katika maji na katika tope. Utusamehe tulipowatuma wadogo mahali ambapo sisi wakubwa hatukwenda. Utulinde, nasi tulindane. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.

Tunawatakia Jumapili njema na juma lenye baraka. Tumsifu Yesu Kristu, milele na milele. Amina.